Kumbukumbu ya babu aliyekuwa askari: mwongozo kamili wa kukusanya na kuandika maisha yake

Katika mazishi mengi ya wazee wa jeshi hapa Uganda husomwa wasifu wa aina moja. Alizaliwa mwaka fulani, akasoma hadi darasa fulani, akajiunga na jeshi, akastaafu, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Kati ya "akajiunga" na "akastaafu" kuna miaka kumi na tano, ishirini, hata thelathini, na hakuna sentensi moja inayoieleza. Wajukuu nao, ambao katika miaka yake ya mwisho walimjua kwa karibu kuliko mtu yeyote, wanatajwa kwa idadi tu.

Mwongozo huu ni wa familia inayotaka kumkumbuka mzee wake vizuri kuliko hivyo. Nimekulia Bombo, mji ambao nyumba nyingi zina mzee aliyewahi kuvaa sare, na nimesaidia familia kadhaa kuandika kumbukumbu za wazee wao. Msimamo wangu nausema mapema. Usiruke miaka yoyote ya utumishi wake, hata ile ambayo nyumbani huzungumzwa kwa sauti ya chini. Na usikubali sare imfunike yule babu. Mambo haya mawili yanategemeana: mjukuu akifichwa miaka minane ya maisha ya babu yake, ataijaza mwenyewe kwa maneno ya mitaani, na hata ule upole aliouona kwa macho yake ataanza kuutilia shaka.

Hatua ya 1: Tenganisheni wasifu wa mazishi na kumbukumbu kamili

Hizi ni kazi mbili. Kwa Waislamu mzee huzikwa siku ileile au kesho yake, na hakuna muda wa kutafuta nyaraka wala kupigia simu wenzake wa zamani. Kwa Wakristo kuna siku mbili tatu, lakini hizo nazo humezwa na jeneza, mahema, chakula, matangazo ya redio na wageni wanaotoka mbali. Kwa hiyo, wakati wa msiba andikeni ukurasa mmoja tu wenye mambo mnayoyajua kwa hakika. Kumbukumbu kamili iwekeeni tarehe yake: arobaini, siku ya kumaliza matanga na kumsimika mrithi (Waganda huiita kwabya lumbe), au kutimia kwa mwaka. Tarehe ikitangazwa mbele ya watu, kazi hufanyika. Bila tarehe, kila mmoja humwachia mwenzake.

Chagueni watu watatu. Mmoja aandike, mmoja akusanye picha na karatasi, na mmoja awe mzee wa ukoo mwenye mamlaka ya kusema "hili siyo kweli" au "hili tusiliseme mbele ya watu." Kamati ya watu kumi na wawili haijawahi kuandika wasifu mzuri.

Kabla ya kitu kingine chochote, kubalianeni juu ya orodha ya wake na watoto. Nalisisitiza hili kwa sababu askari wengi walihamishwa kambi baada ya kambi, na kila uhamisho uliweza kuacha nyumba. Mtoto aliyezaliwa Moroto mama yake akiwa Mkaramojong ni mtoto wake sawa na yule aliyezaliwa nyumbani kwa mke wa kwanza. Wasifu si wosia na haumpi mtu urithi, lakini mtoto aliyeachwa nje ya orodha mbele ya waombolezaji mia tatu hatalisahau jambo hilo, na mgogoro wa mirathi utaanzia palepale penye kaburi. Mzee wa ukoo azungumze na kila nyumba peke yake, aandike majina, na kila nyumba ithibitishe namna ya kuyaandika. Kama kuna mtu ambaye ukoo haujamaliza suala lake, andikeni "watoto na wajukuu" bila majina na bila idadi. Ni heri kupungukiwa hapo kuliko kumfuta mtu.

Hatua ya 2: Fungueni sanduku lake

Karibu kila mzee wa jeshi alikuwa na sanduku la bati, mkoba wa ngozi au mfuko wa nailoni uliowekwa juu ya kabati. Mjane ndiye mwenye ruhusa ya kuufungua. Muombe, kaa naye, fungueni pamoja. Akisema bado, subiri.

Mnachotafuta kwanza ni namba yake ya jeshi. Cheo hubadilika, majina huandikwa kwa tahajia tano tofauti, ila namba hubaki ileile katika karatasi zote. Kwa waliotumikia UPDF, jeshi la sasa la Uganda, namba ya ofisa huanza na RO, na ya askari wa vyeo vya chini huanza na RA. Tafuteni pia cheti cha kuachishwa jeshi, karatasi za pensheni na kiinua mgongo, vyeti vya mafunzo, barua za uhamisho, kitambulisho cha zamani, na picha. Geuza kila picha, kwani nyuma mara nyingi kuna tarehe, mhuri wa studio, au jina la rafiki.

Pigeni picha kila karatasi kwa simu mchana, karibu na dirisha, bila kuwasha taa ya simu, kwa sababu mng'ao hufuta maandishi yaliyofifia. Lipeni kila faili jina linaloeleweka: mwaka kwanza, kisha mahali, kisha ni nini. Msibandike picha za zamani kwa gundi wala kuzipitishia plastiki ya moto. Ziwekeni kwenye bahasha za karatasi, na mkitaka kuandika nyuma, tumieni penseli laini.

Medali msizisugue kwa majivu wala kwa dawa ya kung'arisha. Zifuteni kwa kitambaa kikavu, na utepe uacheni jinsi ulivyo, kwa kuwa rangi zake ndizo zinazoitambulisha medali. Mkikuta nyota ya shaba yenye ncha sita iliyoandikwa "The Burma Star", mzee huyo alikuwa katika vita vya Burma dhidi ya Wajapani. Nyota za namna hiyo zilizotolewa na Uingereza kwa kawaida hazikuchongwa jina la mhusika, kwa hiyo msidhani ni ya kuazima kwa sababu tu haina jina. Medali ya Kagera ilianzishwa kwa ajili ya waliopigana kuuondoa utawala wa Idi Amin, na ile ya Pembetatu ya Luwero kwa waliopigana vita vya msituni vya 1981 hadi 1986.

Sare ni jambo lingine kabisa. Sheria ya Uganda inakataza raia kumiliki au kuvaa sare za jeshi bila kibali, na watu wamekamatwa kwa hilo. Mjukuu asivae koti la babu siku ya kumbukumbu, hata kama nia yake ni ya upendo mtupu. Mkikuta sare, mkanda wa risasi, risasi moja iliyosahaulika au silaha, msivihamishe wala kuvipiga picha za kusambaza. Mwite mwenyekiti wa kijiji (LC1), na pamoja naye mtoe taarifa polisi au kambi ya karibu. Mkitaka kubaki na kofia yake kama kumbukumbu, ombeni kwa maandishi.

Hatua ya 3: Chora mstari wa miaka

Hapa ndipo familia nyingi hukwama, kwa sababu jeshi la nchi hii limebadilika jina na wenyewe mara nyingi. Mtu anaweza kusema "babu alikuwa jeshini kuanzia 1968 hadi 1992", kumbe ametumikia majeshi matatu, na kati ya hayo akaishi uhamishoni. Chukua karatasi kubwa, uigawe safu tatu: mwaka, hali ya nchi, na mahali alipokuwa. Safu ya katikati unaweza kuijaza leo hii. Ile ya tatu itajazwa na watu.

Hadi mwaka 1962 jeshi lilikuwa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, ambalo wazee hulitaja kama KAR au Keya, na kikosi cha Uganda kilikuwa batalioni ya nne. Kama mnaandika habari za baba wa babu, huenda alipelekwa Ethiopia mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, au Burma mwaka 1944. Waliokwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walivaa begani alama ya kichwa cha kifaru. Walipita bonde la Kabaw wakati wa mvua nyingi, wakafika mto Chindwin, na Desemba 1944 wakauvuka huko Kalewa. Akiwa wa miaka ya 1950, kumbuka kwamba batalioni ya nne ilitumwa pia Kenya wakati wa vita vya Mau Mau. Hilo nalo liandikwe.

Baada ya uhuru wa tarehe 9 Oktoba 1962 likawa jeshi la Uganda lenyewe. Januari 1964 askari wa Jinja waliasi wakidai mishahara na maofisa Waafrika. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi lilishambulia ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, kule Mengo. Tarehe 25 Januari 1971 Amin akachukua nchi. Oktoba 1978 majeshi yake yakaingia Kagera, Tanzania ikajibu, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka mbele ya majeshi ya Tanzania na Waganda waliopigana pamoja nayo, wakiwemo wa makundi ya Kikosi Maalum na Fronasa. Hao wapiganaji ndio waliokuwa msingi wa jeshi jipya, UNLA. Askari wengi wa jeshi lililoshindwa, hasa wa West Nile, walivuka kwenda Zaire na Sudan pamoja na wake na watoto.

Tarehe 6 Februari 1981 Yoweri Museveni na wenzake waliishambulia kambi ya Kabamba, na siku hiyo huadhimishwa na jeshi hadi leo kwa jina la Tarehe Sita. Julai 1985 UNLA ilimpindua Rais Obote, na tarehe 26 Januari 1986 NRA, jeshi la Museveni, ikaingia Kampala. Wengi wa majeshi yaliyoshindwa waliingizwa NRA baadaye. Kuanzia 1992 hadi 1995 maelfu ya askari wa NRA waliachishwa jeshi chini ya mpango maalum wa serikali, kila mmoja akapewa kifurushi cha kuanzia maisha ya uraia. Katiba ya 1995 ndiyo iliyolipa jeshi jina la UPDF. Machi 2007 likaingia Somalia, na sasa wapo mababu wa umri wa kati ambao vita vyao ni vya Mogadishu, siyo vya Luwero.

Ukishaweka miaka hiyo, tazama mahali walipozaliwa watoto. Hii ndiyo njia bora kuliko zote ninazozijua. Binti aliyezaliwa Moroto mwaka 1969, kijana aliyezaliwa Masindi mwaka 1972, mwingine Mbarara mwaka 1975: hapo tayari una ramani ya uhamisho wake, hata kama hakuna barua moja iliyobaki. Vyeti vya ubatizo, kadi za kliniki na kumbukumbu za bibi juu ya nani alikuwa mkunga vitakusaidia kuliko ofisi yoyote.

Sasa lile gumu. Familia nyingi zinataka kuiruka miaka ya 1971 hadi 1979, nyingine miaka ya UNLA, nyingine ya Kenya. Naelewa hofu hiyo. Kuwa askari wa jeshi la Amin kumewafanya wazee wengi wakae kimya maisha yao yote, na wengine hawakupata pensheni. Lakini mtu akisikia "alijiunga 1968" kisha "1986 alirudi nyumbani", anajua kilichokuwa katikati, na ukimya humfanya adhani mabaya kuliko yaliyokuwepo. Andikeni cheo chake, kazi yake na mahali alipokuwa: dereva wa malori, fundi wa redio, mpishi, mpiga baragumu, askari wa miguu. Msimtetee kwa mambo asiyoshtakiwa, wala msimbebeshe dhambi za jeshi zima. Kama kuna jambo zito mnalolijua kwa hakika, liandikwe katika nakala ya familia, na mzee wa ukoo aamue lisomwe lini na kwa nani. Kuchagua nini kisomwe penye kaburi ni heshima kwa wafiwa. Kubadilisha tarehe ni uongo, na nimekuta familia mbili za ndugu zenye tarehe tofauti kwa sababu kila moja ilidanganya kwa namna yake.

Hatua ya 4: Waulizeni wenzake

Fanyeni haraka hapa, maana wenzake nao ni wazee. Waliokuja kuzika ni bahati ambayo haitajirudia: mtu mmoja asimame na daftari penye lango, aandike jina, simu na kikosi cha kila mzee anayesema "nilikuwa naye." Ukimwita "afande" badala ya "mzee", mara nyingi uso unabadilika na mazungumzo yanaanza yenyewe.

Zungumzeni kwa Kiswahili hata kama nyote mna lugha moja ya nyumbani. Maisha yao ya jeshini yalipita kwa Kiswahili, yaani amri, nyimbo za mchakamchaka, majina ya utani, matusi ya sajini, na vyote hurudi kwa lugha ileile. Nimemwona mzee akijibu kwa Kilugbara kwa neno moja moja, kisha alipoulizwa kwa Kiswahili akazungumza mpaka chai ikapoa.

Usianze na "vita vilikuwaje?" Swali hilo hufunga mlango. Anza na mambo ya kila siku:

Mlilala wapi, na nani alilala karibu na babu? Posho na maharage vilipikwa na nani? Alikuwa na jina gani la utani, na lilitoka wapi? Kwata ilimshinda au aliiweza? Mshahara alikuwa akiutuma nyumbani kwa njia gani? Ni lini ulimwona akicheka sana? Nani alikuwa rafiki yake aliyekufa, na alizikwa wapi?

Swali la mwisho liache hadi mwisho kweli, na uwe na muda. Mzee akinyamaza, nawe nyamaza. Akilia, usizime simu haraka kana kwamba amefanya kosa, ila muulize kama angependa kuendelea siku nyingine. Kabla ya kurekodi omba ruhusa, na sema kwa jina nani atasikiliza. Akikueleza jambo na kusema lisitoke nje, lisitoke.

Kila habari kubwa itafutie shahidi wa pili. Wazee hawasemi uongo mara nyingi, ila miaka huingiliana, na hadithi ya rafiki huweza kuwa hadithi yake mwenyewe baada ya miaka arobaini. Kama shahidi wa pili hakupatikana, andika "kwa maelezo ya rafiki yake" na uendelee.

Nyaraka za ofisi zinasaidia, lakini zisikucheleweshe. Kumbukumbu za kitaifa zinatunzwa kwenye jengo la Wandegeya, Kampala. Magazeti ya zamani, Uganda Argus hadi 1972, Voice of Uganda baada yake, na New Vision tangu 1986, yatafute katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Makerere. Kwa wa KAR, shajara za vita za vikosi vya Afrika Mashariki zimo katika hifadhi ya nyaraka za taifa ya Uingereza huko Kew, mfululizo wa WO 169 na WO 172. Zinaeleza kikosi, siyo mtu mmoja mmoja. Rafiki aliyekufa Burma na hana kaburi linalojulikana, jina lake huenda limo kwenye mnara wa Rangoon ulioko makaburi ya Taukkyan, na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya bure kwenye intaneti. Kumpata rafiki huyo na kumtaja katika wasifu wa babu ni jambo ambalo babu mwenyewe angelifurahia.

Hatua ya 5: Mkusanye babu

Sasa vua kofia ya jeshi. Sehemu hii haihitaji ofisi yoyote, na ndiyo inayosahauliwa.

Fungueni kundi la WhatsApp la wajukuu peke yao, bila wazazi. Wazazi wakiwemo, wajukuu huandika "babu alikuwa mtu wa upendo na mcha Mungu", basi. Wakiwa peke yao watasema alivyokagua kucha zao asubuhi kabla ya shule, wamejipanga mstari mmoja kwa urefu. Alivyokuwa na peremende kwenye mfuko wa kushoto wa koti na dawa zake kwenye wa kulia. Alivyokataa kabisa mtoto kupigwa nyumbani kwake. Kila mjukuu alete jambo moja tu, lililotokea kweli, lenye mahali na wakati. Wanaoishi Juba, Dubai au London watume sauti. Wadogo wasiojua kuandika waulizwe maswali mepesi: babu alikuwa akikaa wapi? Alikuwa na harufu gani? Alikuitaje? Jibu la mtoto wa miaka mitano kuhusu harufu ya tumbaku au ya rangi ya viatu ya Kiwi linaweza kuwa sentensi bora kuliko zote katika kumbukumbu yenu.

Waulizeni pia wakwe, kijana wa boda aliyemchukua kila Ijumaa kwenda msikitini, na muuza duka aliyemkopesha sukari. Kisha angalieni mahali ambapo askari na babu wanakutana. Wazee wengi waliokosa kulea watoto wao wenyewe, kwa sababu walikuwa kambini, vitani au uhamishoni, waliwalea wajukuu kwa bidii ya ajabu. Watoto wake huenda wana maumivu juu ya hilo: "kwetu hakuwepo." Lisemwe kwa upole, na hao watoto wenyewe wakiridhia, kwani hapo ndipo mtu mzima anaonekana, aliyekuwa na deni na akajaribu kulilipa.

Hatua ya 6: Andika

Wasifu wa kusomwa mazishini usizidi maneno 600. Ukisomwa kwa utulivu huchukua dakika tano au sita, na baada ya hapo watu waliosimama juani hawasikii tena. Kumbukumbu kamili inaweza kufika kurasa kumi, lakini nayo igawanywe: maisha ya utoto, utumishi, kurudi nyumbani, na babu.

Usianze na tarehe ya kuzaliwa. Anza na yeye, tarehe zitafuata. Tazama mfano huu wa kubuni:

"Mzee wetu alikuwa wa kwanza kuamka. Saa kumi na moja redio ilikuwa imeshawashwa, maji ya chai yako jikoni, na viatu vya shule vya wajukuu sita vimepangwa mlangoni, vimeng'arishwa. Aliingia Jeshi la Uganda mwaka 1968 akiwa na miaka kumi na tisa, akawa dereva wa malori Moroto, kisha Masindi. Aprili 1979 jeshi lake liliposhindwa, alivuka kuingia Zaire na mke wake na watoto wawili, akalima muhogo huko miaka saba. Mtoto wao wa tatu alizaliwa na kuzikwa hukohuko. Alirudi Koboko mwaka 1986, hakupata pensheni, akawafundisha vijana wa mji kuendesha gari. Hakuwahi kutusimulia vita. Alitusimulia barabara."

Hapo hakuna sifa hata moja iliyotajwa kwa jina, wala hakuna aliyeambiwa kwamba mzee alikuwa mvumilivu. Maneno kama shujaa, mzalendo na mpenda amani yapunguze, maana yanasomwa kwenye kila kaburi na hayamtambulishi mtu yeyote. Vyeo viandike sawasawa, koplo ni koplo. Wenzake watakuwepo wakisikiliza, na kumpandisha mzee cheo baada ya kufa humwaibisha.

Kuhusu lugha, fikirieni waliopo. Katika familia nyingi za jeshi bibi anatoka kabila moja, babu jingine, na wakwe matatu zaidi, hivyo Kiswahili ndicho kinachowakusanya wote. Mimi ningesoma wasifu kwa Kiswahili, kisha fungu moja fupi kwa lugha ya ukoo wake, hasa salamu kwa wazee na majina ya mababu, ambayo hayaendi vizuri kwa lugha nyingine. Msomaji awe mjukuu mwenye sauti inayosikika, na ajaribu mara mbili kwa sauti usiku wa kuamkia mazishi. Awepo na mwingine aliyeshika nakala, tayari kuendelea akishindwa.

Mkiweka kumbukumbu kwenye intaneti, ondoeni namba ya jeshi, namba ya kitambulisho cha taifa, na majina ya wenzake wanaoendelea kutumikia. Matapeli wa pensheni husoma tanzia.

Hatua ya 7: Jeshi na mazishi

Mkitaka jeshi lishiriki, toeni taarifa siku ileile kwa kambi ya karibu au kwa chama cha wanajeshi wastaafu cha wilaya, na mfikishe habari Wizara ya Ulinzi na Masuala ya Wastaafu huko Mbuya. Chukueni kitambulisho chake, karatasi yenye namba ya jeshi, barua ya LC1 na taarifa ya kifo kutoka hospitali. Cheti cha kifo chenyewe hutolewa na NIRA, mamlaka ya usajili wa watu, na mtakihitaji baadaye kwa madai ya pensheni na mirathi, kwa hiyo msikiahirishe.

Heshima zitakazotolewa hutegemea cheo, namna alivyoondoka jeshini na uwezo wa kambi. Msichapishe kwenye programu kwamba kutakuwa na bendera au mizinga kabla ya kupata jibu la uhakika. Mkutanisheni mapema ofisa atakayekuja na sheikh, padri au mchungaji, wapange nani anatangulia. Na kama risasi za heshima zitapigwa, waambieni watu kabla, hasa watoto na kina mama waliokimbia vita. Nimewaona bibi wawili wakijitupa chini kwa mlio wa kwanza. Mtu akae karibu na mjane, amshike mkono, amwambie "sasa hivi watapiga."

Hatua ya 8: Nakala na kaburi

Kumbukumbu kamili ikishasomwa, chapeni nakala moja kwa kila nyumba ya watoto wake, siyo moja kwa familia nzima. Sauti na picha ziwekwe mahali pawili angalau: kwenye diski kwa mtu mmoja, na kwenye akaunti ya mtandaoni ambayo watu wawili wana nywila yake. Sanduku lenyewe na medali vibaki mahali pamoja, kwa mrithi au kwa mjane, na kuwe na karatasi iliyosainiwa inayoorodhesha vilivyomo. Kwa ibada ya kila mwaka chagueni siku moja. Wengine huchukua siku aliyofariki, na familia za wapiganaji wengi huchukua 9 Juni, Siku ya Mashujaa.

Kaburi lijengwe mwisho, udongo ukishatulia na tarehe zikishathibitishwa. Kwa Waislamu muulizeni sheikh kwanza kama maandishi yanafaa na kwa kiasi gani. Kwa wengine, jina kamili, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, cheo na jeshi vinatosha, na chini yake jina ambalo wajukuu walimwita. Mpe fundi karatasi iliyochapwa kwa herufi kubwa, usimtajie kwa simu. Akishachora kwa chaki, mpeleke mjane asome au asomewe kila herufi kabla patasi haijagusa jiwe.